Niliwapiga Mnada Wafanyakazi Wangu

Wiki iliyopita msomaji wa Masasi aliniuliza kama anaweza kuiachia programu igawe wafanyakazi wake katika idara. Namjibu hapa, kwa kuwa jambo hilo lilinigharimu cheo.

Nilikuwa mkuu wa utumishi katika kampuni moja ya maghala ya korosho hapa Mtwara. Kila Oktoba minada inapoanza, mizani, ghala, ubora na uhasibu waligombania watu walewale. Nikatengeneza mfumo wa mawakala wa programu, yaani programu ndogo ambazo kila moja husimamia maslahi ya idara yake, kwa utaratibu alioueleza mtaalamu wa kompyuta Reid G. Smith mwaka 1980, ambapo wakala mmoja hutangaza kazi, wengine huleta zabuni, na mwenye zabuni bora hupewa. Mimi niliugeuza: kilichotangazwa ni mfanyakazi, na idara ndizo zilizoshindana. Nilijivuna, sikatai.

Ndipo mama mmoja, mpasuaji wa korosho za sampuli za kupima ubora kwa miaka mingi, alipohamishiwa uhasibu kupanga stakabadhi, kwa sababu kumbukumbu zetu zilimwita "karani" tu, na wakala wa uhasibu aliandika kila hitaji kuwa la dharura. Kijana aliyebaki kwenye ubora alichomeka kipima unyevu katika magunia ya juu pekee. Ya chini yalikuwa na unyevu, na mzigo ukarudishwa. Mama yule aliniuliza kwa upole, "Baba, hiyo kompyuta uliiambia kwamba mimi napasua korosho?" Sikuwa nimeiambia.

Basi, ndugu yangu, anza na kumbukumbu: andika kile mtu anachokiweza, usiishie kwenye cheo chake. Kisha ipe kila idara pointi chache za kuombea watu kwa wiki nzima, ili anayepiga kelele Jumatatu akose cha kutoa Alhamisi. Kuomba kusipokuwa na gharama, kila mkuu wa idara huwa na dharura. Zaidi ya yote, kumbuka kwamba katika mnada wa korosho mkulima anaweza kuikataa bei na mzigo wake ukabaki ghalani, ilhali katika mnada wangu hapakuwa na mtu wa kukataa. Muulize mfanyakazi kabla hujamhamisha, na msimamizi wake aidhinishe.

Nasikia mfumo bado unatumika pale, na baada ya mimi kuondoka wameongeza kitufe cha kukataa. Niliwahi kukiomba kikaoni, nikaambiwa kitachelewesha kazi.