Mafuta ya kupima yananimaliza

SWALI: Shikamoo dada. Niko Mbagala, nina watoto watatu, kila jioni natuma mtoto dukani kwa Mangi, mafuta ya kupima, sukari robo, mchele nusu, hela inaisha na bado nalala njaa ili wao washibe. Nifanyeje jamani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kwanza usijinyime kula, hilo limeniumiza kweli. Hivyo vifuko vya mafuta vya kufunga fundo ndo vinakula hela yako, jumlisha vya mwezi mzima utashangaa. Tafuta majirani wawili unaowaamini, mchange kidogo kidogo, mkachukue dumu la lita 20 mgawane kwa chupa, na maharage na mchele muende Tandale kwenye soko la nafaka asubuhi, ila mpimiwe kwa mizani sio kwa sado, kile kindoo cha kupimia, maana sado nyingine kitako kimebonyezwa ndani na hapo ushaliwa. Sukari usinunue nyingi kwa woga, mwanzoni mwa 2024 mvua zilikwamisha uvunaji wa miwa bei ikapaa, baadaye ikashuka. Na nyama ikishindikana, dagaa wa Mwanza kwa nazi watoto wanakula vizuri tu.