Maswali yenu: Digrii ya miaka miwili ya usaidizi wa kisheria Marekani, inalipa?

Tangu nilipoandika hapa kwamba mimi si wakili, ni msaidizi wa kisheria ("paralegal", anayewaandalia mawakili kazi zao), sanduku la barua halijapumua. Wengi mnauliza kuhusu digrii ya miaka miwili ya kazi hii, ile wanayoiita "associate". Nimechagua barua sita.

Shikamoo dada. Natunza wazee hapa Columbus, Ohio, mwaka wa sita sasa, na mgongo umeanza kukataa. Nina kadi ya kijani. Chuo kimoja binafsi kimenipigia simu mara nne wiki hii: miaka miwili, dola 34,000, mkopo watashughulikia wao. Nijiunge?

Marahaba, mdogo wangu. Usitie saini. Chuo kinachokupigia simu mara nne kwa wiki kina haraka na mkopo wako kuliko masomo yako.

Nenda kwanza kwenye chuo cha jamii ("community college", chuo cha umma cha miaka miwili) cha hapo kwenu. Kitaifa, ada ya vyuo hivyo kwa mkazi wa eneo husika ilikuwa wastani wa dola 4,050 kwa mwaka wa masomo 2024/25. Miaka miwili ni kama dola 8,100, bila vitabu na nauli. Kisha jaza fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, imefika hadi dola 7,395 kwa mwaka kwa mwenye kipato kidogo, na kadi ya kijani haikuzuii. Ukiipata yote, ada imekwisha na chenji ya vitabu inabaki.

Mshahara je? Mei 2024, mshahara wa katikati wa wasaidizi wa kisheria nchini kote ulikuwa kama dola 61,000 kwa mwaka, yaani nusu yao wanapata zaidi ya hapo na nusu chini ya hapo. Wauguzi wasaidizi kama wewe, katikati yao haifiki dola 40,000. Ila usiamke kesho ukaihesabu hiyo 61,000 kama yako. Asilimia 10 ya chini kwenye kazi yetu nao hawafiki 40,000, na anayeanza kwenye ofisi ya wakili mmoja mara nyingi huanzia huko huko. Miezi ya kwanza unaweza kupata pungufu ya unachopata sasa na zamu zako za usiku.

Ndiyo maana bei ya cheti ni muhimu. Mwajiri hakuongezi hata senti kwa sababu ulilipa 34,000. Anachoweza kuuliza ni kama programu yako imeidhinishwa na Chama cha Mawakili wa Marekani, ABA. Kiulize chuo hilo, kisha kiulize ni wahitimu wangapi wa mwaka jana wameajiriwa kwa cheo hiki hasa, si "kwenye sekta ya sheria". Na jioni moja, watoto wakilala, fungua matangazo ya kazi ya Columbus, usome ishirini. Hesabu ni mangapi yanadai digrii ya miaka minne. Kampuni kubwa za katikati ya mji hupenda kuidai. Yakizidi nusu, panga mapema jinsi ya kuendelea.

Nikiimaliza, nitakuwa nimefika nusu ya njia ya uwakili?

Hapana. Shule ya sheria huku inataka kwanza digrii ya miaka minne, na masomo yako ya usaidizi wa kisheria hayapunguzi hata siku moja ya miaka mitatu ya huko. Tazama pia jina la digrii. Ikiwa na maneno "Applied Science", vyuo vikuu vingi hupokea sehemu tu ya masomo yake. Kama ndoto ni uwakili, dai makubaliano ya kuhamisha masomo kwa maandishi kabla ya kulipa.

Kaka yenu nina LLB (shahada ya sheria) ya Dar es Salaam, nabeba boksi Dallas. Nianze hiyo digrii?

Kaka, huko ni kurudi darasa la kwanza kwa hiari. Ipeleke LLB yako ikathaminishwe, halafu tafuta cheti cha usaidizi wa kisheria cha watu wenye digrii tayari. Vingi havizidi mwaka. Wakati huo huo ulizia New York, ambako bodi ya mitihani ya uwakili hupima digrii za nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza, Tanzania ikiwemo. Wengine huambiwa waongeze LLM (shahada ya uzamili ya sheria) ndipo waufanye mtihani. Ni ghali, lakini angalau njia hiyo inaishia kwenye uwakili.

Niko Nakuru, nataka kuja kuisomea kwa viza ya mwanafunzi.

Usije kwa hili. Utalipa ada ya mgeni, mara kadhaa ya ile ya mkazi, bila Pell. Ukimaliza unaruhusiwa kufanya kazi miezi 12. Baada ya hapo viza ya kazi ya H-1B inataka kazi ambayo kwa kawaida haifanywi bila digrii ya miaka minne, na hii si mojawapo. Kenya School of Law pale Karen ina stashahada ya fani hii, nayo inafundisha sheria utakayoitumia.

Akili mnemba haitatumaliza?

Serikali yenyewe inatabiri kazi hii haitakua sana. Kupiga namba kurasa 2,000 za ushahidi, ambako nilipoanza kulinimalizia siku nzima, sasa ni dakika. Lakini Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Tangu hapo bosi wangu hasaini kitu kabla sijaifungua kila kesi iliyotajwa na kuisoma kwa macho yangu.

Kiswahili changu kina thamani yoyote huko?

Kuliko mnavyodhani. Mteja wetu mmoja kutoka Tanga, aliyekuwa akiomba ukimbizi, alieleza kwamba mlango wake ulivunjwa saa mbili usiku. Mkalimani wa simu akaandika saa nane za usiku, kwa sababu kwa Kiingereza "mbili" ya usiku ndiyo hiyo. Ripoti ya polisi wa nyumbani ilisema 20:00. Kwa ofisa wa ukimbizi hizo ni habari mbili zinazopingana, na anayejipinga haaminiwi. Tuliliona siku mbili kabla ya kupeleka fomu. Tarehe nazo ni hivyo hivyo: 04/07 ya cheti cha kuzaliwa cha Tanzania ni Julai, huku wanaisoma Aprili.

Ukipenda mambo ya uhamiaji, Wizara ya Sheria ya Marekani huidhinisha watu wasio mawakili kuwakilisha wahamiaji, mradi wawe chini ya shirika lisilo la faida linalotambuliwa. Idhini ya nusu inakufikisha mbele ya maofisa wa uhamiaji, ile kamili hadi mahakama ya uhamiaji. Haidai digrii yoyote. Inadai uijue sheria ya uhamiaji na uwe na mwenendo safi. Bila idhini hiyo, kumshauri mtu kwa malipo kwenye meza ya jikoni ni kosa, hata ukiwa na cheti ukutani.

Na kwenye barua ya maombi usiandike tu "najua Kiswahili". Waandikie hilo la saa mbili.