Nimeitwa, ila naogopa

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni fundi cherehani hapa Majengo, Moshi. Tangu mwaka jana nasikia Mungu ananituma nifundishe ushonaji mabinti waliozalia nyumbani wakaacha shule, cherehani mbili ninazo, kuna na binti wa jirani kila siku anakuja kusimama mlangoni na mtoto mgongoni anaangalia tu ninavyoshona. Ila nikitaka kuanza tumbo linakata, nawaza kanisani watasema huyu naye nani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, huyo binti wa mlangoni kanigusa sana.

Fungua Waamuzi 6 umsome Gideoni. Malaika anamkuta anapepeta ngano amejificha kwenye shinikizo la kukamulia zabibu akiwaogopa Wamidiani, maadui wa Israeli, halafu anamwita shujaa! Na alipotumwa kuvunja madhabahu ya Baali alichukua watu 10 akaenda usiku, Biblia inasema wazi kabisa aliwaogopa watu wa nyumba ya baba yake na wa mji. Mungu hakumwambia rudi ukavunje mchana. Kazi ilipokelewa na woga wake humohumo, kwahiyo usingoje tumbo litulie ndo uanze, omba huku mikono inafanya.

Ya kanisani achana nayo kwanza. Anza na mmoja, mpe karatasi yenye mistari, cherehani isiwe na uzi, apige pedeli afuate mstari mpaka mguu uzoee. Jumamosi hii mwite aingie akae, mtoto mbebe wewe.