Mtafute Herbie Nichols

Ndugu, umeuliza uanze na mpiga piano gani wa jazz ambaye wengi hawamjui. Mimi nakuelekeza kwa Herbie Nichols wa New York, aliyezaliwa 1919. Mwaka 1955 na 1956 alirekodi kwa kampuni ya rekodi za jazz ya Blue Note, pamoja na wapiga dramu wakubwa, Art Blakey na Max Roach. Sikiliza anavyowaachia nafasi: piano inanyamaza kidogo, dramu zinajibu, ndipo anaendelea. Raha tupu! Hata hivyo riziki aliipata zaidi kwenye bendi za Dixieland, yaani jazz ya mtindo wa zamani, muziki usiokuwa wake. Inauma, maana huyu ndiye aliyetunga muziki wa “Lady Sings the Blues”, mwimbaji Billie Holiday akautilia maneno. Saratani ya damu ilimchukua 1963, akiwa na miaka 44 tu. Baadaye mpiga tromboni Roswell Rudd, aliyewahi kupiga naye, alizirekodi tungo zake.