Mnaoanza kusoma ukoloni wa Asia, fuateni fedha

Ndugu zangu mnaoanza somo hili, mtavutwa kwanza na vita, mikataba na majina ya magavana. Nimelisoma na kulifundisha muda mrefu, na ushauri wangu ni huu: shikeni zao moja, mahali pamoja, mfuate fedha mpaka zinakoishia.

Chukueni kisiwa cha Java, kilichoko Indonesia ya leo, ambacho wakati ule kilitawaliwa na Uholanzi. Vita vya Diponegoro, mwanamfalme wa Java aliyepigana na Waholanzi, vilipokwisha mwaka 1830, hazina ya Uholanzi ilikuwa hoi. Gavana mkuu Johannes van den Bosch akaleta kilimo cha lazima. Kwenye karatasi, kijiji kilitakiwa kutenga sehemu moja tu ya tano ya ardhi yake kwa kahawa, miwa au nili ya kuuzwa Ulaya.

Wanafunzi wengi huishia hapo na kuona kwamba mzigo haukuwa mkubwa. Ulizeni nani alilipwa asilimia. Maofisa wa Kiholanzi na watawala wenyeji, mabupati, walipata fungu kulingana na mazao waliyofikisha ghalani, kwa hiyo kila mmoja wao alinufaika kijiji kikibanwa zaidi. Miwa nayo ilitaka maji yaleyale na mashamba yaleyale ya mpunga. Njaa ilipoingia Demak na Grobogan, sehemu za Java, mwaka 1849 na 1850, wakulima waliokamuliwa kwa kodi na kazi za lazima hawakuwa na akiba, wakafa kwa wingi. Wakati huohuo faida ya Java ilikuwa ikilipa madeni ya Uholanzi, na baadaye ikajenga reli huko.

Msiwafiche mabupati kwa kuwa walikuwa wenyeji, wala msiwatumie kumsafisha aliyeuweka mfumo. Na kumbukeni kwamba ripoti nyingi mtakazozikuta ziliandikwa na walewale waliokuwa wakila asilimia. Ripoti ikisema wakulima wameridhika, tazameni kwanza mwandishi alilipwaje.

Halafu msifunge daftari kwenye tarehe ya uhuru. Indonesia ilitangaza uhuru wake tarehe 17 Agosti 1945, Uholanzi ikapigana nayo, na katika mazungumzo ya The Hague, huko Uholanzi, mwaka 1949 taifa hilo changa likabebeshwa deni la serikali ya kikoloni, zaidi ya guilda (sarafu ya Uholanzi) bilioni 4. Mimi jambo hili bado linanichoma. Indonesia ilijitoa katika makubaliano hayo mwaka 1956. Mkifika hapo, kabla ya kusoma hotuba zozote, tafuteni mchanganuo wa deni lile, mwone limetokana na matumizi gani.