Tuangalie nani anakula na nani

Swali la wiki lilikuwa: "Je, Wakristo wa madhehebu mbalimbali wanaweza kuwa na umoja wa kweli bila kuwa kanisa moja?" Nasema wanaweza. Na Maandiko yametuonyesha pa kuupimia umoja huo: penye chakula.

Someni Wagalatia 2. Kule Antiokia, Petro alikuwa akila na waamini wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, bila shida. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akaingiwa na woga, akajitenga. Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba. Petro hakuwa amebadili mahubiri wala kuukana msalaba. Alihama meza tu! Lakini Paulo alimkemea mbele ya wote, akisema kwamba hawaiendei sawasawa kweli ya injili. Mtume aliyetembea na Yesu anakaripiwa hadharani kwa sababu ya watu anaokula nao na wale anaowakimbia. Kila ninaposoma sura ile naogopa, kwa maana mambo kama hayo tunayafanya na hakuna anayetukemea.

Sisi wa Dodoma tuna sababu ya kulitafakari hili. Tangu serikali ianze kuhamia hapa kwa wingi mwaka 2016, mtaa mmoja unaweza kuwa na Mlutheri kutoka Moshi, Msabato kutoka Mara, Mmoraviani kutoka Mbeya, pamoja na sisi Wagogo ambao wengi wetu ni Waanglikana. Na kwa nini ni Waanglikana? Kwa sababu wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na baadaye kazi yao ikaenea hadi Mvumi na kwingineko. Ukienda Itigi utawakuta Wakatoliki na hospitali yao ya Mtakatifu Gaspar. Ukipanda Iramba utawakuta Walutheri. Bibi yangu angezaliwa Iramba, huenda leo ningeandika haya nikiwa Mlutheri. Nalipenda kanisa langu na sala zake nazijua kwa moyo, ila siwezi kumwambia jirani yangu kwamba njia aliyopita mmisionari ndiyo mpaka wa mwili wa Kristo. Wakorintho walisema, "Mimi ni wa Paulo," "mimi ni wa Apolo," na Paulo akawauliza: "Je! Kristo amegawanyika?"

Najua wapo watakaoniletea 2 Yohana, pale tunapoambiwa tusimkaribishe nyumbani mtu asiyeleta mafundisho ya Kristo. Ni neno la kweli, nalipokea. Lakini soma mstari wa saba uone waliokusudiwa: wale wasiokiri kwamba Yesu Kristo yuaja katika mwili. Mtume hakuwa akizungumzia wanaobatiza kwa maji mengi au machache. Kuhusu siku na vyakula tuna Warumi 14, na jawabu lake liko katika sura inayofuata: "mkaribishane." Kwa hiyo Msabato anayempenda Bwana ni ndugu yangu, hata kama Jumamosi yake na Jumapili yangu hazikutani. Anayeuza maji na mafuta kwa wagonjwa na kuwaahidi uponyaji kwa bei, huyo sina ushirika naye, hata tukiwa kanisa moja.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Msiba ukitokea mtaani, akina mama wa makanisa yote hukusanyika. Mmoja huleta unga wa uwele, mwingine mlenda, mwingine huja na sufuria kubwa. Wanalala pamoja mkekani na kulia pamoja. Lakini kuna msiba mmoja ambao, tulipoingia kanisani kwa ibada ya mazishi, baadhi ya waliopika nasi usiku kucha walibaki nje juani. Kiongozi wao alikuwa amewakataza kukanyaga ndani ya kanisa la wengine. Walimpenda marehemu, wakatii kwa uchungu. Nilimkumbuka Diotrefe wa 3 Yohana, "apendaye kuwa wa kwanza," ambaye alikataa kuwapokea ndugu na kuwazuia waliotaka kuwapokea.

Meza ya Bwana bado hatuishiriki wote, Wakatoliki na sisi, na sitajifanya kwamba jambo hilo ni dogo. Wakubwa wetu wanalizungumza, nami naliombea. Lakini 1 Wakorintho 11 inasema juu ya mkutano ambao "huyu ana njaa, na huyu amelewa," na agizo la Paulo pale ni "mngojaneni." Kungojana hakusubiri mkataba wa maaskofu. Tena tunao mfano: Wakatoliki na Waprotestanti walishirikiana kutafsiri Biblia Habari Njema, na mwaka 1992 Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT), ya makanisa ya Kiprotestanti, na Baraza la Maaskofu Katoliki waliunda tume moja ya huduma za jamii, CSSC, kwa ajili ya shule na hospitali.

Sasa tuje mtaani. Matendo 11 inasema nabii Agabo alitabiri njaa, na wanafunzi wa Antiokia wakaazimia kuwasaidia ndugu wa Uyahudi, kila mtu kwa kadiri ya alivyofanikiwa. Ni Antiokia ileile ambako Petro na Wayahudi wengine walikwepa meza! Sisi hatuhitaji Agabo. Mvua zikiwa haba, kila Mgogo anajua Januari na Februari zitakavyokuwa. Basi mavuno yakiingia, makanisa ya mtaa mmoja yakubaliane: kila nyumba yenye uwezo itoe debe la mtama au uwele, liwekwe ghala moja, litolewe kwa wajane na wazee bila kuuliza wanasali wapi.

Na orodha ya watakaopewa isiandikwe na kanisa kubwa. Katika Matendo 6 waliolalamika walikuwa Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliozungumza Kiyunani, kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa chakula. Tazama majina ya wale saba waliokabidhiwa kazi: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Hapa kwetu Waanglikana tuko wengi, kwa hiyo daftari na ufunguo wa ghala wapewe wale wa makanisa madogo, wanaosali chini ya turubai.

Msomaji, Nkuhungu, Dodoma