Usikate miti yote

Umeuliza kama ufyeke kila kitu kuzunguka nyumba ili moto wa porini usifike. Hapana. Ukiacha ardhi tupu, mvua itabeba udongo, na kitakachoota kwanza ni magugu yanayokauka upesi na kuwaka kama karatasi.

Anzia ukutani. Mita 1.5 za kwanza zisiwe na kitu kinachoungua: majani makavu, kuni, hata ule mkeka wa mlangoni. Nyumba nyingi huunguzwa na cheche zinazopeperushwa na upepo, na cheche moja ikitua kwenye majani yaliyojaa mfereji wa paa, inatosha.

Halafu vunja ngazi ya moto. Nyasi zikigusa kichaka na kichaka kikigusa tawi, moto unapanda hadi kileleni, na huko kuuzima ni kazi kweli. Pogoa matawi ya chini hadi mita 2 hivi (mti mfupi, usizidi theluthi ya urefu wake). Nyasi zisizidi sentimita 10.

Kama uko mtelemkoni, safisha mbali zaidi upande wa chini, maana moto hupanda mlima mbio. Na tafadhali, ulichofyeka kiondoe. Rundo likikauka hapo umejiwekea kuni.